Neno Lililokawia Kusemwa



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake.

Wasomaji wetu wapenzi, safu ya wiki hii itatupeleka mbali, hadi katika nchi ya theluji, kwenye ajali ya ndege ya mizigo iliyotokea miaka mingi iliyopita. Huenda mama anayesoma ukurasa huu akisubiri chungu kichemke, au baba aliyekaa barazani baada ya Isha, akauliza: ndege iliyoanguka Alaska inatuhusu nini? Tunamwomba atuvumilie. Wachunguzi wa ajali ile walizitaja sababu zake, na miongoni mwake ipo moja ambayo haihitaji theluji wala ndege ili iangamize watu. Imo katika mabasi tunayopanda, katika ofisi zetu na katika nyumba zetu.

Kisa chenyewe ni hiki. Tarehe 13 Januari 1977, kabla ya mapambazuko, ndege ya mizigo aina ya DC-8 ya Shirika la Ndege la Japani, Japan Air Lines, ilikuwa ikijiandaa kuruka kutoka uwanja wa Anchorage, jimbo la Alaska nchini Marekani, kwenda Tokyo. Mzigo wake ulikuwa hai: ng'ombe wa nyama 56, waliopakiwa Moses Lake, katika jimbo la Washington. Anchorage ilikuwa kituo cha njiani, mahali ambapo marubani walioileta ndege walishuka na wengine wakapanda.

Rubani mkuu wa zamu ile mpya alikuwa Mmarekani mwenye umri wa miaka 53, aliyekwisha kuruka kwa zaidi ya saa 23,000 katika maisha yake. Rubani msaidizi na mhandisi wa ndege walikuwa Wajapani, mmoja wa miaka 31 na mwingine wa miaka 35. Rubani msaidizi alikuwa na saa 1,600 hivi tu. Walikuwamo pia watu wawili wa kuwaangalia ng'ombe. Jumla yao watano. Hatumtaji yeyote kwa jina, kwani wote wamekwisha kufa, nasi hatukuja kuwahukumu maiti. Tumekuja kujifunza.

Aliyekuwa wa kwanza kuingiwa na wasiwasi asubuhi ile alikuwa dereva wa teksi aliyewapeleka uwanjani. Alimwona rubani mkuu uso umemwiva, macho yamemlegea, maneno yake hayashikani, na hata kushuka garini kunamtaabisha. Dereva yule hakunyamaza. Alimwarifu mwenzake wa ofisini anayepanga safari za teksi. Baadaye huyo wa ofisini akampigia simu wakala wa kampuni iliyokuwa na mkataba wa kuihudumia ndege pale uwanjani. Hapo taarifa ikakwama. Wakala aliona kwamba, kama rubani amelewa kweli, bila shaka wenye shirika lao wangekwisha kumgundua na kuchukua hatua.

Wakati huo uwanja ulikuwa umefunikwa na ukungu wa baridi kali, joto likiwa chini ya nyuzi sifuri. Barafu ilionekana ikiwa imeganda kwenye sehemu za mbele za injini. Rubani aliiondoa ndege pale ilipoegeshwa, akakosea njia katika kuelekea mahali pa kurukia, na mnara wa kuongozea ndege ukalazimika kumwelekeza. Hatimaye akapewa ruhusa. Ndege ikashika kasi, ikainua pua, ikaiacha ardhi. Haikupanda ila kidogo. Ilianza kutetemeka, na katika kinasa sauti mhandisi wa ndege anasikika akitamka neno moja tu, neno la kirubani lenye maana kwamba mabawa yameshindwa kuibeba ndege. Muda mfupi mno baada ya neno hilo, saa 12 na dakika 35 asubuhi, ndege ilianguka ng'ambo ya mwisho wa njia ya kurukia. Watu wote watano walikufa, na ng'ombe wote walikufa.

Damu ya rubani mkuu ilipopimwa, ilikutwa na kilevi kiasi cha miligramu 298 katika kila mililita 100. Sheria ya Alaska wakati ule ilimhesabu dereva wa gari kuwa mlevi akifikia miligramu 100. Hivyo mtu ambaye asingeruhusiwa kuendesha hata pikipiki barabarani alikabidhiwa ndege yenye injini nne, katika giza, ukungu na barafu.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichunguza na kutoa uamuzi wake. Ilisema kwamba ndege iliporomoka kwa namna rubani alivyoiendesha, hali iliyozidishwa na barafu iliyoganda katika mwili wa ndege, huku rubani akiwa chini ya nguvu ya kilevi. Kisha bodi ikaongeza sababu iliyochangia, nayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu: wenzake waliokuwa naye katika chumba cha marubani hawakumzuia asiianze safari ile.

Kabla hatujaiendea sababu hiyo, inafaa tueleze barafu hufanya nini, maana wengi wetu tunaishi katika nchi za joto na barafu tunaiona ndani ya jokofu. Msomaji aliyewahi kufungua jokofu lililokaa muda bila kusafishwa ameuona ule ukoga mweupe wa barafu ulioshika kuta zake. Hauna uzito wa kutisha. Ukoga wa namna hiyo ndio hushika mabawa ya ndege iliyokaa nje katika ukungu wa baridi. Bawa huibeba ndege kwa sababu hewa hupita juu yake kwa utulivu, ikilifuata umbo lake. Uso wa bawa ukiparuza, hewa huvurugika na kuliacha bawa mapema. Wataalamu wa usafiri wa anga wanaeleza kwamba barafu isiyozidi unene na mkwaruzo wa karatasi ya msasa anayotumia seremala inaweza kupunguza nguvu ya bawa ya kuinua ndege kwa asilimia 30, na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Rubani mwenye akili timamu hudai mabawa yakaguliwe na kusafishwa kwa dawa ya kuyeyushia barafu, na akishapaa huinua pua ya ndege kwa kipimo. Rubani aliyelewa hana kipimo. Ndiyo maana pombe na barafu zilipokutana, kila moja ilikamilisha kazi ya mwenzake.

Juu ya pombe hatuna haja ya kurefusha maneno. Muislamu anajua hukumu yake, na aya ya 90 ya Suratul Maida haikumwachia mtu nafasi ya kutafuta udhuru. Nchi zisizoongozwa na sharia ya Kiislamu nazo zilikuwa zimekwisha kuweka mpaka wao: kanuni za anga za Marekani zilimkataza rubani kushika ndege ndani ya saa nane tangu anywe. Kwa hiyo katazo lilikuwapo, na aliyelivunja alikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama baina ya mvunjaji na usukani.

Hebu tuwatazame waliokuwapo, mmoja mmoja. Dereva wa teksi aliona na akasema, lakini alisema kwa mtu wa ofisi yake, naye hakuwa na mamlaka juu ya ndege. Mtu wa ofisi alilifikisha neno, lakini lilipofika muda ulikuwa umekwenda. Wakala alilipokea, akategemea kwamba wengine wenye dhamana kubwa zaidi wataona wenyewe. Na wale vijana wawili wa chumba cha marubani, waliokaa karibu naye kuliko mtu yeyote, waliendelea na kazi zao za kawaida, wakisoma vipimo na kutaja kasi. Yaliyokuwa vifuani mwao anayajua Mola wao. Lakini nani kati yetu hawezi kuyakisia? Mkubwa kwao kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Saa 23,000 mbele ya saa 1,600. Kumwambia mtu kama huyo kwamba leo hafai kuongoza ni kumvunjia heshima, na ikiwa umekosea, ni kuivunja kazi yako mwenyewe. Kwa hiyo mtu hunyamaza, akaomba mambo yaende salama.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni rahisi: watu waseme. Lakini kusema nako kuna namna. Miaka mitano kamili baada ya ajali ile, tarehe ileile ya 13 Januari, mwaka 1982, ndege nyingine ilianguka katika majira ya baridi, mara hii mjini Washington. Hiyo ilikuwa ndege ya abiria aina ya Boeing 737 ya shirika la Air Florida. Theluji ilikuwa ikianguka. Ndege ilisafishwa barafu, kisha ikakaa muda mrefu ikingoja zamu, na theluji ikayashika mabawa upya. Mtambo wa kuzuia barafu katika injini haukuwashwa, jambo lililosababisha vipimo vya nguvu ya injini kusoma uongo. Ndege ilipokuwa ikikimbia ili iruke, rubani msaidizi aliona kwamba vipimo haviko sawa. Alisema. Alisema zaidi ya mara moja. Lakini alisema kwa sauti ya mtu anayeuliza, kama anayetaka kuridhishwa, na mkubwa wake akamridhisha kwamba mambo ni sawa. Hakutamka neno la kuamuru ndege isimamishwe. Ndege iliruka, ikashindwa kupanda, ikaligonga daraja lililojaa magari na kutumbukia katika mto Potomac ulioganda barafu. Watu 78 walikufa, wanne kati yao wakiwa ndani ya magari yao darajani. Katika waliokuwamo ndegeni walinusurika watano tu.

Katika ajali ya kwanza, neno la kumzuia rubani halikupatikana katika chumba cha marubani. Katika ya pili neno lilisemwa, lakini lilifunikwa kwa adabu nyingi hata maana yake haikuonekana. Ajali hizo na nyingine za miaka ile ndizo zilizowafanya wenye mashirika ya ndege watambue kwamba hatari haimo katika mitambo pekee. Imo pia katika namna mkubwa na mdogo wanavyozungumza. Mwaka 1979 shirika la anga la Marekani, NASA, liliwakutanisha wataalamu kulijadili jambo hilo, na tangu miaka ya 1980 marubani wakaanza kufundishwa somo jipya: mdogo afundishwe kusema waziwazi, na mkubwa afundishwe kusikia. Leo rubani duniani kote hufundishwa somo hilo kama anavyofundishwa kutua.

Ndugu msomaji, tulipolisoma jambo hili tulijiuliza: je, sisi hatukufundishwa? Tunafundishwa mara tano kwa siku. Imamu wetu ndiye kiongozi wa swala. Tunarukuu anaporukuu, tunasujudu anaposujudu, wala hatumtangulii. Hata hivyo, imamu akisahau, akainuka kwenda rakaa ya tano, maamuma hatakiwi kukaa kimya eti kwa sababu imamu ni mwanachuoni na yeye ni muuza mbogamboga. Sharia imempa neno la kusema: mwanamume hutamka Subhanallah, na mwanamke hupiga kofi. Ona jinsi lilivyo fupi, lilivyo na adabu, na lisivyo na shaka. Halimtukani imamu, halimnyang'anyi mimbari, lakini hakuna anayelisikia akadhani mambo ni shwari.

Na katika mapokezi ya Bukhari na Muslim kimo kisa cha Swahaba aliyejulikana kwa jina la Dhul-Yadayn. Siku moja Mtume (S.A.W.) aliwaswalisha watu swala ya rakaa nne, akatoa salamu baada ya rakaa mbili. Msikitini walikuwamo Abubakar na Umar (R.A.), na haiba ya Mtume ikawazuia kusema. Akasimama Dhul-Yadayn, mtu asiyekuwa na cheo cha wawili hao, akamuuliza Mtume kama swala imefupishwa au amesahau. Mtume (S.A.W.) hakumkaripia. Aliwauliza waliokuwapo kama anayosema mtu huyu ni kweli, na walipothibitisha akakamilisha rakaa zilizobaki, kisha akasujudu sijda ya kusahau.

Tukitafakari kisa hicho tutaona mafunzo mawili yanayoingia moja kwa moja katika habari yetu. La kwanza, ikiwa haiba iliweza kuwanyamazisha watu bora wa umma huu, basi hakuna mtu aliyesalimika nayo, na asijione mtu kwamba yeye siku hiyo angesema. La pili, Mtume (S.A.W.) alipoletewa taarifa na mtu wa kawaida hakuipuuza wala hakuipokea bila uhakika. Aliithibitisha papo hapo. Yule wakala wa Anchorage aliletewa taarifa nzito, na uthibitisho ulihitaji mtu wa kwenda kumtazama rubani usoni kabla ndege haijaondoka. Nasi tunayo aya ya sita ya Suratul Hujurat inayotuamrisha kuhakikisha habari. Wengi wetu tunaitumia aya hiyo kuzikataa habari. Kuhakikisha ni kuinuka na kwenda kutazama.

Tunajua kuna hoja tatu zitakazoletwa, nazo zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Hoja ya kwanza ni kwamba nahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli. Chombo kinahitaji nahodha mmoja, na nyumba inahitaji kiongozi. Lakini anayemwambia nahodha kwamba kuna mwamba mbele hakuutaka unahodha. Mtume wetu (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine tabaka la juu na wengine la chini. Wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wa juu wakiwaacha, wote wataangamia. Wakiwazuia, wote wataokoka. Mfano huo haukuwauliza waliozuia vyeo vyao.

Hoja ya pili ni sitara. Tunaambiwa tusiwafichue ndugu zetu, na kusengenya ni haramu. Nalo ni kweli. Lakini Imamu Nawawi, katika kitabu chake cha Riyadhus-Salihin, alizieleza hali sita ambazo kumtaja mtu kwa aibu yake kunaruhusiwa kwa haja ya kisharia, na mojawapo ni kuwatahadharisha watu na madhara. Sitara ni ya dhambi iliyokwisha kupita baina ya mtu na Mola wake. Mtu aliyeshika usukani na roho za watu ziko nyuma yake, au aliyekabidhiwa watoto, huyo aibu yake haiko peke yake. Iko pamoja na amana ya wengine. Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na mara nyingi kifo hicho humpata asiyeficha chochote, kama wale watunza ng'ombe wawili waliopanda ndege wakiamini kwamba mbele yupo mtu mzima.

Hoja ya tatu ni adabu kwa wakubwa. Hii ndiyo nzito zaidi kwetu, kwa sababu tumelelewa nayo na tunataka watoto wetu walelewe nayo. Hatusemi iachwe. Allah (S.W.) alipowatuma Musa na Haruna (A.S.) kwa Firauni, aliwaamrisha wamwambie maneno laini. Walikwenda na ulaini huo, lakini waliyoyasema yalieleweka: waachie wana wa Israili. Ulaini uwe katika sauti, usiwe katika maana. Rubani msaidizi wa Washington alikuwa na sauti laini na maana laini, na ndipo msiba ulipoingia.

Sasa tuyarudishe haya nyumbani. Basi la usiku linakwenda, dereva anasinzia. Kondakta anaona, abiria wa kiti cha mbele anaona. Kondakta anasema moyoni: huyu ni mkubwa wangu. Abiria anasema: kondakta yupo. Babu ana mtoto wa jicho, haoni vizuri jioni, lakini bado anawachukua wajukuu kwa gari kutoka madrasa, na kila mwanawe anamngoja mwenzake aanze kumwambia. Mwalimu anasikia harufu ya pombe kwa dereva wa basi la shule, akaamua kwamba wenye shule lazima wanajua. Mtoto anamwambia mama yake kwamba hapendi kubaki peke yake na ndugu fulani wa ukoo, na mama anamnyamazisha kwa sababu yule ni mtu anayeheshimika na arusi ya familia iko karibu. Katika kila nyumba ya hizo mabawa yamekwisha kushika barafu, na watu wanapanda.

Tunapendekeza mambo manne, na tunawaomba wazazi wayazungumze na watu wa nyumbani mwao wiki hii.

La kwanza, mkubwa atoe ruhusa mapema. Abubakar (R.A.), yuleyule aliyezuiwa na haiba siku ya Dhul-Yadayn, aliposhika ukhalifa aliwaambia watu katika hotuba yake ya mwanzo kwamba akienda sawa wamsaidie, na akipotoka wamnyooshe. Baba anaweza kuwaambia wanawe kabla ya safari: mkiona nasinzia, yeyote kati yenu aniambie nisimame, nami sitakasirika. Na siku akiambiwa, asikasirike kweli. Mtoto aliyekaripiwa mara moja hatasema mara ya pili.

La pili, anayeonya aseme mambo mawili tu: anachokiona na anachotaka kifanyike. "Baba, umefumba macho mara mbili. Tafadhali tusimame kando ya barabara." Maneno hayo yana adabu yote, wala hayana fumbo. Asiseme, "Baba, hujachoka?" Kwa swali kama hilo jibu huwa hapana daima.

La tatu, asiyesikilizwa asiishie hapo. Marubani wa leo hufundishwa kwamba ukionya ukapuuzwa, ukaonya tena ukapuuzwa, una wajibu wa kuchukua hatua. Kwetu hatua huenda ikawa kushuka na watoto garini, kuchukua ufunguo, kumpigia simu askari wa usalama barabarani, au kumwendea mwenye mamlaka moja kwa moja badala ya kulipitisha neno kwa watu watatu. Tumeona jinsi neno la yule dereva wa teksi lilivyochakaa njiani. Aliyepeleka neno afuatilie hadi ajue limefika wapi.

La nne, anayeletewa neno ainuke. Mama aliyeambiwa na mtoto, mwenyekiti wa kamati ya msikiti aliyeambiwa na mzazi, mwenye basi aliyeambiwa na abiria: kila mmoja wao ni yule wakala wa Anchorage kabla simu haijakatwa. Bado muda upo. Aende akatazame kwa macho yake.

Hatusemi kwamba haya ni mepesi. Yupo atakayeonya akafukuzwa kazi, na yupo atakayenuniwa na ukoo mzima. Suratul Asr, ambayo watoto wetu huihifadhi kabla hawajajua kusoma vizuri, imeambatanisha kuusiana haki na kuusiana subira, kwa kuwa mwenye kusema haki atahitaji subira kwa yatakayomfika baada ya kuisema. Lakini mhandisi wa ile ndege ya ng'ombe naye alisema mwishowe. Neno lake lilikuwa sahihi na lilisemwa kwa sauti ya kusikika. Lilikawia tu, lingefaa lisemwe pale chini, ndege ikiwa bado imesimama na milango iko wazi.

Tunamwomba Allah (S.W.) azijaalie ndimi zetu ziseme kheri kwa wakati wake, awape wakubwa wetu vifua vya kupokea nasaha, na azihifadhi familia zetu safarini na majumbani. Amin.

Wabillahi tawfiq.